Jinsi nilivyomaliza vurugu za matoleo ya skima

Ofisini kwetu, karibu na bandari ya Kilindini, sehemu ya "uzito" kwenye faili za JSON (data iliyoandikwa kwa jozi za jina na thamani) za makontena ilikuwa ya kilo. Mwenzetu akaigeuza tani, kimyakimya. Kontena la kilo 24,000 likasomeka tani 24,000!

Muundo wa faili hizo huelezwa na skima, yaani faili inayosema kila sehemu iweje. Nilidhani sehemu yake ya `$schema` ingeniokoa. Wapi! Hiyo hutaja toleo la JSON Schema yenyewe, yaani kanuni za kuandikia skima. Skima yako hutambulishwa kwa `$id`, anwani yake ya kipekee. Basi namba ya toleo nikaiweka ndani ya `$id`, na kila rekodi ikabeba sehemu ya "toleo". Kwa kuwa badiliko hili huvunja programu za zamani, namba ya kwanza ilipanda: 1.4.0 ikawa 2.0.0.

Faili zisizo na namba nilizihesabu za toleo la 1, la kilo. Zile za tani zilizokwisha kupenya nilizipekua moja moja, kwa macho, hadi adhana ya magharibi.