Programu ya kuchati isiyohitaji bando: uzoefu wangu Ngamiani

Steshenari ya shangazi yangu iko Ngamiani, hapa Tanga, katika nyumba ambayo chumba chake cha mbele hupokea wateja na cha uani kina mashine ya fotokopi, printa mbili na kompyuta. Kati ya vyumba hivyo kuna ukumbi mrefu, na kwa muda wote niliofanya kazi pale njia yetu ya mawasiliano ilikuwa ni kupaza sauti. Shangazi huita, "Nakala ishirini, mbele na nyuma!" nami niliye uani, mashine ikiunguruma, husikia kumi na mbili. Tuliwahi kutumia WhatsApp, lakini bando likiisha saa sita mchana tulirudi kwenye kelele, na kwa kweli niliona ajabu kwamba ujumbe wa hatua kumi na tano ulazimike kusafiri hadi seva za ng'ambo ndipo urudi ukumbini kwetu.

Nilikuwa nimejifunza JavaScript, lugha ya kuandikia programu, kwa kiasi cha kuweza kusoma msimbo wa mtu mwingine, ingawa si cha kuandika programu kubwa peke yangu. Kwa hiyo nilichukua programu huria ya kuchati iliyokwisha kuandikwa, nikakusudia kuiendesha yote ndani ya kompyuta mpakato ya dukani. Programu ya namna hiyo ina sehemu tatu, na duka letu lilinisaidia kuzielewa: upande wa mbele, uliotengenezwa kwa React, ndio unaoonekana na mtumiaji, upande wa nyuma, unaoendeshwa na Node.js pamoja na Express, hupokea maombi na kuyashughulikia. Na kanzidata ya MongoDB ni kabati la kumbukumbu. Anayekimbia ukumbini kupeleka ujumbe papo hapo ni maktaba iitwayo Socket.IO.

Kupakua kwa amri ya npm install vifurushi vyote vya msimbo ambavyo programu inavitegemea kulitaka intaneti, na vifurushi hivyo vilikula bando langu la usiku karibu lote. Hilo hufanyika mara moja tu, na baada yake intaneti haihitajiki tena.

Upande wa nyuma ulikataa kuwaka kwa sababu ya faili la .env. Humo ndimo huwekwa anwani ya kanzidata, namba ya poti na neno la siri la kutia sahihi kwenye tokeni za watumiaji, yaani vitambulisho vya kuonyesha kwamba mtu ameshaingia, na kwa kuwa ni siri, waandishi wa programu hawalisambazi pamoja na msimbo. Nililiandika upya kwa kupekua msimbo na kuokota kila jina lililotanguliwa na process.env. Nilipomweleza shangazi kwamba nahangaika na poti, aliniuliza ninatafuta nini bandarini. Nikamwambia poti hii ni mlango wenye namba tu: MongoDB husikiliza 27017, na upande wetu wa nyuma niliupa 5000.

Kikwazo kilichonichukua siku mbili nzima kilikuwa MongoDB yenyewe. Nilisimika toleo jipya, usimikaji ukakamilika bila lalamiko, lakini kila nilipoiwasha ilizimika papo hapo. Kumbukumbu za matukio za Windows zilionyesha namba 0xc000001d, ambayo maana yake ni kwamba prosesa imepewa agizo isilolijua. Kumbe kuanzia toleo la 5.0 MongoDB hutaka prosesa yenye AVX, seti ya maagizo ya ziada ya hesabu, na kompyuta yetu ina prosesa ya Celeron ya zamani isiyokuwa nayo. Hapakuwa na mpangilio wowote wa kurekebisha, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye mpangilio. Niliiondoa, nikaweka toleo la 4.4, ikawaka na kutulia. Najua kwamba toleo la zamani halipati tena marekebisho ya usalama, na kama seva ingekuwa wazi kwa dunia nzima nisingelikubali. Kwa mtandao wa vyumba viwili usiounganishwa na intaneti, nililikubali.

Hata hapo upande wa nyuma haukuiona kanzidata. Ulitoa hitilafu ECONNREFUSED ::1:27017, yaani umebisha hodi na kufukuzwa. Katika .env nilikuwa nimeandika localhost, jina ambalo kila kompyuta hulitumia kujiita yenyewe, lakini jina hilo lina anwani mbili: 127.0.0.1 ya mfumo wa zamani wa IPv4 na ::1 ya IPv6. Tangu Node.js toleo la 17, anwani hutumiwa kwa mpangilio ule ule zinavyorudishwa na mfumo wa kompyuta, na Windows yangu ilitanguliza ::1, ilhali MongoDB ilikuwa ikisikiliza kwenye 127.0.0.1 peke yake. Nilifuta neno localhost, nikaandika 127.0.0.1 kwa tarakimu, na mlango ukafunguka.

Jioni ile nilifungua vivinjari viwili kwenye kompyuta hiyo hiyo, nikasajili watumiaji wawili, nikajiandikia salamu na kujijibu. Nilidhani kazi imekwisha.

Kesho yake nilichomeka ruta ya zamani isiyo na laini, kwa kuwa ruta huunganisha vifaa vya nyumbani hata pasipo intaneti, kisha nikaiunganisha na kompyuta na simu ya shangazi. Amri ya ipconfig ilinionyesha kwamba kompyuta imepewa anwani 192.168.1.7. Simu haikufungua chochote. Kwanza, Vite, chombo kinachouendesha upande wa mbele wakati wa matengenezo, husikiliza kompyuta yenyewe tu mpaka uiongezee neno --host. Pili, siku ya kwanza Windows iliponiuliza kama Node.js iruhusiwe kupokea wageni wa mtandao, nilikuwa nimebonyeza kughairi kwa haraka, na ughairi huo ulihifadhiwa kama katazo. Nilipoyaondoa hayo mawili, ukurasa ukafunguka kwenye simu, mzuri kabisa, ila kila shangazi alipojaribu kuingia aliambiwa kwamba seva haipatikani.

Hapo ndipo nilipolielewa vizuri neno localhost. Linafanya kazi sawasawa na neno letu "hapa". Shangazi akisema "hapa" anakusudia chumba cha mbele, nami nikisema "hapa" nakusudia uani. Maana inategemea ni nani aliyelitamka. Msimbo wa upande wa mbele huhifadhiwa kwenye kompyuta, lakini hauendeshwi hapo: huchukuliwa na kivinjari na kuendeshwa ndani ya simu. Mwandishi wake alikuwa ameandika kwamba maombi yote yapelekwe localhost, poti 5000. Simu ililisoma agizo hilo kwa utiifu, ikajitafuta yenyewe na kukuta kwake hakuna seva.

Wengi hulitatua hili kwa kuandika 192.168.1.7 kila mahali palipokuwa na localhost. Nilijaribu, na nikakutana na CORS, ile kanuni ya vivinjari ya kuzuia ukurasa wa asili moja kusoma majibu ya asili nyingine bila idhini ya seva. Asili huhesabiwa kwa itifaki, jina na poti kwa pamoja, hivyo poti 5173 ya Vite na poti 5000 ya upande wa nyuma ni asili mbili hata zikiwa katika kompyuta moja, na upande wa nyuma ulikuwa umeidhinisha localhost peke yake. Badala ya kuongeza orodha ya idhini, niliona afadhali kuondoa anwani zote ndani ya msimbo wa mbele na kubakiza njia tupu zinazoanza na /api, kisha nikaiagiza Vite kwamba ombi lolote la /api au la /socket.io ilipokee yenyewe na kulipeleka 127.0.0.1, poti 5000. Ni sawa na mteja anayezungumza na shangazi tu bila kujua kama uani kuna mtu. Ile ya /socket.io huhitaji kuongezewa ws: true, bila hiyo mawasiliano ya WebSocket, njia inayobaki wazi ili ujumbe upite papo hapo, hayapiti.

Shangazi aliingia, kisha akatolewa nje mara moja. Seva ilikuwa ikimpa kidakuzi (taarifa fupi ambayo kivinjari huitunza ili mtumiaji atambulike) chenye sharti la kubebwa kwenye HTTPS pekee, yaani muunganisho uliofichwa kwa usimbaji, kwa kuwa katika .env nilikuwa nimetangaza kwamba programu iko kwenye matumizi kamili. Kwangu mimi Chrome ilikikubali kwa sababu huiamini localhost hata bila HTTPS, lakini anwani ya 192.168 haina heshima hiyo, na kidakuzi kilitupwa kimya kimya. Nililiondoa sharti hilo.

Tukaanza kazi, na siku ya tatu ikatutia hasara. Mwalimu mmoja alileta mtihani wa kutolewa nakala 45. Shangazi akaandika oda, nami kwenye skrini nikaiona mara mbili, moja chini ya nyingine. Nikadhani ni mikondo miwili ya darasa moja, nikatoa nakala 90. Mtihani si bidhaa ya kumuuzia mtu mwingine, kwa hiyo tulimkabidhi mwalimu zile za ziada na karatasi ikawa imekwenda bure.

"Mwanangu," shangazi akasema, "huyo mjumbe wako ana kigugumizi."

Nilipoupakia ukurasa upya, ujumbe ulibaki mmoja. Hiyo ilinionyesha kwamba kanzidata iliuhifadhi mara moja na seva haikukosea. Aliyeurudia ni upande wa mbele. Kuanzia React 18, hali ya ukaguzi iitwayo StrictMode hukiweka, kukiondoa na kukiweka tena kila kipande cha ukurasa wakati wa matengenezo, makusudi, ili kufichua msimbo usiofanya usafi. Kipande chetu kilikuwa kikisema socket.on (anza kusikiliza) kila kinapowekwa bila kusema socket.off (acha kusikiliza) kinapoondolewa, basi pakawa na masikio mawili yanayosikia ujumbe mmoja. Mstari mmoja ulitosha. Nimesoma ushauri wa kuizima StrictMode, kwa kuwa marudio hayo hayatokei kwenye toleo lililokamilishwa, lakini siukubali: sikio lisiloondolewa lingeongezeka kila mtu anapotoka kwenye mazungumzo na kurudi.

Baada ya hapo niliutengeneza upande wa mbele kwa npm run build, nikaiachia Express igawe mafaili yake, na sasa Vite haihitajiki. Poti 5000 peke yake inatosha. Katika ruta nilifunga anwani 192.168.1.7 iwe ya kompyuta hiyo daima, maana awali iliwahi kubadilika na shangazi akaachwa akibisha kwenye nyumba isiyo na mtu. Kila Ijumaa hunakili kanzidata kwenye flashi kwa mongodump.

Arifa za simu ikiwa imezimwa skrini sikuweza kuziweka, kwani vivinjari huziruhusu kwenye HTTPS tu, kwa hiyo simu ya zamani ya shangazi inakaa mezani ikiwa kwenye chaji na skrini yake haizimwi. Umeme ukikatika ruta huzimika, lakini fotokopi nayo huwa imezimika, hivyo hakuna oda inayopotea.