Granola, jaribio la 7: baa zimekubali kushikana

Zimeshikana! Jana usiku nimekata baa 12 za granola (vipande vya oti na lozi vilivyogandishwa kwa asali), nikashika moja kwa ncha na kuining'iniza, na haikudondosha hata punje. Majaribio sita yaliyotangulia yote yaliishia bakulini, yakaliwa na maziwa kwa kijiko. Naandika sasa hivi kabla sijasahau nilichofanya.

Vipimo sijavigusa tangu jaribio la 3, ukiacha mara moja nitakayoisema: oti bapa gramu 250, lozi na korosho gramu 100, mbegu za maboga na ufuta gramu 50, asali 140, sukari ya kahawia 70, siagi 50, chumvi nusu kijiko cha chai. Trei ya sentimita 20 kwa 20. Hapo ndipo palipokuwa pananikera. Trei ikipoa inaonekana imeshika vizuri kabisa, lakini kisu kikigusa tu, chote kinapukutika.

Kwanza nilidhani asali ni kidogo. Jaribio la 4 nikaipandisha hadi gramu 200. Zikatoka za kunata vidoleni, na bado hazishiki: ukiinua kipande kinapinda katikati, kisha kinameguka. Jaribio la 5 nikarudi kwenye 140, nikaoka dakika 10 zaidi. Kingo zikawa chungu, katikati hali ni ileile. Jaribio la 6 nikakandamiza kwa kitako cha glasi mpaka mkono ukauma. Hapo niliona nafuu, ila ndogo, na nilikasirika kiasi cha kuifungia trei kabatini wiki nzima.

Kumbe tatizo halikuwa ovenini, lilikuwa kwenye sufuria. Nilikuwa nayeyusha siagi, asali na sukari, nikiona povu la kwanza tu, nazima moto. Ile ni shira changa. Asali yenyewe ina maji kama asilimia 17, na siagi nayo ina yake. Maji hayo yasipotoka, shira haikazi hata ukiisubiri hadi kesho. Na dalili ya maji yaliyobaki ni joto la mchemko: kadiri yanavyopungua, ndivyo shira inavyochemka kwenye joto la juu zaidi. Nilikuwa nazima kwenye nyuzi 104 au 105 za Selsiasi. Inayotakiwa ni 118.

Safari hii sikubanduka jikoni. Kipimajoto kilifika 104 kikaganda hapo, nikaanza kushuku kuwa kimeharibika. Mapovu yalikuwa madogo na ya haraka, yanapanda hadi nusu ya sufuria (chukua sufuria kubwa, asali hufura). Kisha yakawa makubwa, mazito, yanapasuka polepole, na namba zikaanza kukimbia: 110, 114, 116. Nikadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. La kwanza lilitawanyika chini. La pili, kwenye 118, likawa kidonge kinachokaa na umbo lake, ukikibonyeza kinabonyea. Nikaepua hapohapo. Ukiiacha ifike 130 utapata baa za kuumiza meno.

Jambo la pili ni oti zenyewe. Awali niliziacha zipoe kabla ya kumwagia shira. Shira ya 118 ikikutana na oti baridi inakaza kabla haijazifikia zote, unabaki na mabonge huku na oti kavu kule. Sasa oti na lozi zinatoka ovenini kwenye nyuzi 150, shira inamwagwa juu yake zikiwa za moto, mwiko unazunguka kwa kasi, na ndani ya dakika mbili mchanganyiko uwe umeshafika kwenye trei na umekandamizwa. Lozi nimezikatakata pia. Lozi nzima ni mlango wa ufa; kisu kikiigonga inasukuma kila kitu pembeni.

Kuhusu kipimajoto: kabla ya kukiamini, kichovye kwenye maji yanayotokota. Kikisoma 97, iwe ni kosa lake au ni kwa sababu unaishi juu milimani ambako maji huchemka mapema, lengo lako ni 97 kujumlisha 18. Namba ya kukariri ni hiyo 18. Na jamani, nunueni mzani. Kikombe cha oti hubadilika kutegemea ulivyokishindilia, na asali inayobaki imegandia kikombeni ndiyo gundi yako hiyo. Trei ya silikoni nimeiweka kando moja kwa moja, kwa sababu ukikandamiza, kuta zake zinatanuka na kingo za baa hazipati shinikizo. Ya bati yenye pembe za mraba, ukatandika karatasi ya kuokea, inatosha.

Kukata: nilisubiri saa mbili, hadi kitako cha trei hakina joto hata kidogo. Kisu kizito, kisukumwe chini mara moja. Ukikeketa kama msumeno unazivunja.

Leo nilipanga kuzichovya chokoleti. Sijazichovya, kwa sababu ute wa yai lililobaki umenivuruga mipango. Niliupiga mpaka ukatoa povu, nikauchanganya na granola ya kawaida ya gramu 300 kabla ya kuoka, na nikajizuia kuikoroga ikiwa ovenini, jambo ambalo mikono yangu haijalizoea. Nikaiacha ipoe kwenye trei ileile. Imetoka bamba moja zima, ukilivunja yanatoka mabonge makubwa kama kiganja cha mtoto, yanayolia kama vijiti vikavu. Zabibu kavu nimezitia mwishoni, maana ovenini huwa ngumu na chungu.

Chokoleti bado iko kabatini. Kesho naanza na ute wa mayai mawili.