Mama na kituo cha kutwa

Ndugu zangu mnaouguza wazazi wenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hapa Marekani, naomba tuzungumze kuhusu vituo vya kutwa vya wazee. Hapa Columbus basi dogo humchukua Mama asubuhi na kumrudisha jioni. Mama mdogo alinipigia kutoka Tanga akilia kwamba tumemtupa dada yake. Hatujamtupa. Anaenda ili nami niende kazini, na usiku nibaki na nguvu za kukaa naye anapoanza kusaka viatu akisema anarudi nyumbani.

Kiingereza chake kimepotea chote, kimebaki Kiswahili. Mwanzoni alikuwa akishinda pale kimya, hata haja hasemi. Nikawaandikia karatasi: maji, choo, unaumwa wapi, shikamoo mama. Siku hizi mhudumu mmoja humwamkia vizuri kabisa, na Mama huitika "marahaba mwanangu" uso umechangamka. Wanampa maharage kwenye sinia, anachambua taratibu, bovu huku, zima kule. Mikono yake bado inaijua kazi hiyo, nami nawashukuru kwa moyo wote.

Kuhusu malipo: Medicare ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipii vituo hivi. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipia katika majimbo mengi. Tangu Julai 2024 upo pia mpango wa Medicare uitwao GUIDE. Baadhi ya familia hupata hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumpumzisha mlezi, na kituo cha kutwa kimo. Muulizeni daktari wa mzazi kama kliniki yake imejiunga, na ulizeni mapema.