Kusikiliza hedifoni usiyo nayo: kuiga sauti yake kwa ekwalaiza

Video za YouTube zinazodai kukusikilizisha hedifoni kumi kabla hujanunua zina kasoro ambayo maikrofoni ghali haiiondoi. Mpimaji huivalisha hedifoni kwenye kichwa bandia, hurekodi kinachofika pale ambapo kiwambo cha sikio kingekuwa, halafu wewe unaisikiliza rekodi hiyo kwa hedifoni yako. Sikio, pamoja na tundu lake, hukuza masafa (frikwensi) ya kuzunguka 3 kHz kwa zaidi ya dB 10 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), na kila hedifoni iliyotengenezwa vizuri huzingatia mwinuko huo. Kwenye video mwinuko huo unakuja mara mbili: mara moja ndani ya rekodi, mara ya pili kwenye hedifoni uliyovaa. Ndiyo maana sauti za waimbaji hutoka za bati. Ukilinganisha vipande viwili vya video moja unaweza kujua kipi kina besi zaidi ya kingine, basi. Ladha ya hedifoni yenyewe hujaisikia.

Njia ya maana ni kutoa hesabu. Unachukua vipimo vya hedifoni unayoitaka (grafu ya ukubwa wa sauti yake kwenye kila frikwensi), unaondoa vipimo vya ile uliyo nayo, na tofauti inayobaki unaiweka kwenye ekwalaiza, yaani programu ya kupandisha na kushusha masafa mbalimbali. Watafiti wa Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, wakiwemo Sean Olive na Todd Welti, walieleza utaratibu huu mwaka 2013. Tatizo lao lilikuwa kwamba msikilizaji akishika hedifoni anaitambua kwa uzito, kwa mito na kwa chapa, na hukumu yake inachafuka. Wakamvalisha kila mtu hedifoni ileile moja, kisha wakaibadilisha sauti yake kwa kompyuta ifanane na nyingine mbalimbali. Inawezekana kwa sababu hedifoni nyingi, katika sehemu kubwa ya masafa, zina tabia hii: ukirekebisha ukubwa wa kila frikwensi, muda wake nao unajirekebisha. Hakuna kitu cha ajabu kilichofichwa nyuma ya grafu ambacho ekwalaiza haikifikii, isipokuwa vichache nitakavyovitaja chini.

Tuanze na vipimo, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Grafu zote mbili lazima zitoke kwenye mtambo mmoja wa upimaji. Kichwa bandia cha B&K 5128 na kifaa cha GRAS chenye sikio la mpira havitoi mstari mmoja hata kwa hedifoni ileile; ukichukua grafu moja hapa na nyingine kule, ekwalaiza yako itakuwa inaiga tofauti ya mitambo. Ukitumia mtambo mmoja, makosa yake yanapatikana pande zote mbili, na sehemu kubwa yanafutana kwenye kutoa. Hazina ya AutoEq ya Jaakko Pasanen ina vipimo vya maelfu ya hedifoni, na kila kimoja kimeandikwa chanzo chake. Kurasa za grafu za squig.link nazo ni nzuri, ila kila mpimaji ana ukurasa wake, kwa hiyo baki na mmoja.

Hedifoni ya msingi, yaani ile utakayovaa, chagua ya waya isiyo na betri wala kompyuta ndani. Hedifoni za Bluetooth zenye kuzuia kelele zina kompyuta inayobadilisha sauti wakati wote: ikiwashwa kizuia kelele grafu ni hii, ikizimwa ni nyingine, na baadhi huongeza besi ukipunguza sauti. Huwezi kutoa namba zisizotulia. Kama huna nyingine, angalia kipimo kilichukuliwa kizuia kelele kikiwa kimewashwa au kimezimwa, uiweke hivyohivyo.

Programu ya bure ya REW (Room EQ Wizard) inafanya hesabu yote. Ingiza mafaili mawili ya maandishi, frikwensi safu ya kwanza na dB safu ya pili. Tuseme A ni hedifoni yako na B ni unayoitaka. Kwenye hesabu za mistari gawanya A kwa B; kugawanya huku kwenye dB ni kutoa. Lainisha matokeo kwa 1/12 ya oktavi. Sasa nenda dirisha la EQ, chagua lengo la mstari ulionyooka, liweke kwenye kimo ambacho mstari wako unakaa kati ya 500 Hz na 1 kHz, ruhusu marekebisho kuanzia 20 Hz hadi 8 kHz, kisha iamuru itafute vichujio, yaani marekebisho ya masafa moja moja. Watu hushangaa kwa nini A iko juu na si B. Ni kwa sababu REW hutafuta vichujio vya *kuusawazisha* mstari, na kinachosawazisha A/B ni B/A, ambacho ndicho unachokihitaji. Ukigeuza utapata hedifoni iliyo kinyume kabisa, na utaishutumu bure.

Kwenye Windows, vichujio hivyo vinaingia kwenye faili la config.txt la programu ya ekwalaiza iitwayo Equalizer APO. Kwa mfano, kama B ina besi zaidi na haichomi sana kwenye 3 kHz (LSC ni rafu, yaani kichujio kinachopandisha au kushusha besi yote; PK ni kilima cha sehemu moja; Fc ni frikwensi yake; Q ni wembamba wake):

Preamp: -5.5 dB
Filter: ON LSC Fc 105 Hz Gain 5.0 dB Q 0.70
Filter: ON PK Fc 3000 Hz Gain -3.0 dB Q 1.40

Mstari wa Preamp si pambo. Ukiongeza besi dB 5 kwenye wimbo ambao tayari umejaa hadi juu, kilele cha sauti kinakatwa, na mkwaruzo utakaousikia utadhani ni tabia ya B. Punguza kwa kiasi cha mwinuko mkubwa kuliko yote, na nusu dB juu yake. Vichujio vikipandana, mwinuko wa jumla unazidi ule wa kichujio kimoja, kwa hiyo soma grafu ya jumla.

Kabla ya kusikiliza chochote, hakikisha ekwalaiza inafanya kazi kweli: andika Preamp ya -30 dB kwa muda. Sauti isiposhuka, kuna mambo mawili ya kukagua. Programu yako ya muziki inaweza kuwa inapeleka sauti kwa njia ya ASIO au WASAPI ya kumiliki kifaa peke yake, na zote mbili huruka Equalizer APO. Au Windows imesasisha dereva, na inabidi ufungue tena kisanidi cha Equalizer APO ukiwekee tiki kifaa chako. Kwenye Android kuna Wavelet, na kwenye Linux EasyEffects. Zima kila "kiboreshaji" kingine cha simu au kompyuta, Dolby ikiwemo.

Sasa usawa wa sauti, ambao kwangu ni nusu ya kazi nzima. Kinachosikika juu kidogo husikika kizuri zaidi, hata tofauti ikiwa dB 1 ambayo sikio halitambui kuwa ni sauti kupanda. Linasema tu "hii ina uhai". Tengeneza mafaili: wimbo bila ekwalaiza, na wimbo uleule ukiwa umepitishwa kwenye vichujio. Pima kila moja kwa ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri:

ffmpeg -i wimbo.wav -af ebur128 -f null -

Chukua LUFS (kipimo cha sauti inavyosikika kubwa) ya jumla, shusha faili lenye namba kubwa mpaka zilingane ndani ya 0.2. Fanya hivyo kwa kila wimbo peke yake, kwani mwinuko wa besi unapandisha singeli kuliko unavyopandisha gitaa na sauti ya mtu. Kipimo hicho hakijui umevaa hedifoni gani, hivyo malizia kwa sikio: sauti ya mwimbaji iwe karibu sawa pande zote.

Nyimbo chagua kwa kazi yake. Mwanamke anayeimba taarab atakuonyesha kama kati ya 2 na 4 kHz kumezidi. Kanuni (ala ya nyuzi ya taarab) na vinanda vya nyuzi vinafichua ukali wa juu zaidi. Gitaa za sebene zinakwambia kama katikati pamejaa au pamekonda. Kwa besi tafuta gitaa la besi linaloshuka hadi karibu 41 Hz, ambayo ni noti ya chini kabisa ya lile la nyuzi nne. Lakini kwa kutambua tofauti ya rangi ya sauti, kelele ya pinki (mvumo wa kupimia wenye masafa yote kwa pamoja) inashinda muziki wowote. Inachosha, lakini haidanganyi. Cheza vipande vya sekunde 15 hadi 30 na ubadilishe papo hapo. Kumbukumbu ya sauti ni fupi.

Mwambie mtu mwingine ayabadilishe majina ya mafaili. Hapa huhitaji ABX (jaribio la kutambua kama X ni A au B bila kuambiwa), kwa sababu tofauti ya hedifoni mbili kwa kawaida iko wazi. Unachotaka ni kujua unapenda ipi bila kujua ni ipi. ABX ya programu ya foobar2000 itumie kwa maswali madogo, mfano kama kichujio cha mwisho kinasikika kweli. Mizunguko 16, 12 sahihi: uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha ni karibu asilimia 4. Nane kati ya 10 inapendeza machoni, ila bahati inaifikia zaidi ya asilimia 5.

Niliweka mpaka wa 8 kHz kwa sababu juu yake grafu inategemea hedifoni imekaaje kwenye mpira na imekaaje kwako. Kwa zile za kuchomeka sikioni, kina cha kuingia kinasogeza kilele cha juu, na ukiiga kilele cha mtambo unaweza kuweka mwinuko mkali kama sindano pahali ambapo mstari wa sikioni mwako hauna shimo. Juu ya hapo tumia kichujio kipana cha rafu, dB moja au mbili tu.

Upande wa chini adui ni uvujaji. Vipimo huchukuliwa mto ukiwa umeziba vizuri. Miwani, nywele zilizosukwa au mto uliochoka hupunguza dB kadhaa chini ya 100 Hz kwenye hedifoni zilizofungwa nyuma, hivyo B halisi kichwani mwako inaweza kuwa na besi ndogo kuliko uigaji wako. Na kama msingi wako ni hedifoni iliyo wazi nyuma, usilazimishe dB 10 za ziada kwenye 30 Hz. Cheza mlio mtupu wa 40 Hz, ekwalaiza ikiwa imewashwa, kwa kiwango unachosikilizia. Ukisikia mngurumo wenye kokoto badala ya noti safi, kiendeshi (spika ndogo ya ndani) kimefika mwisho: punguza rafu ya besi hadi kokoto ziishe, na hukumu ya besi ya B usiitoe kwa uigaji huo.

Uzito, joto la mito na kelele za nje zinazopenya haviko kwenye faili lolote la config. Hivyo vinabaki vya kujaribiwa dukani, Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, muuzaji akikubali kufungua boksi.