Samaki wa Yona alivyonifundisha Kilatini

Mara mbili nilianza Kilatini kwa kitabu cha sarufi, na mara mbili nilikwama kwenye majedwali ya majina. Niliimba rosa, rosae, rosam (maumbo ya neno “waridi”) kama kasuku, lakini ukinipa sentensi nzima natoa macho. Mara ya tatu nikaachana na majedwali, nikafungua Vulgata, ile Biblia ya Kilatini ambayo Mtakatifu Yeronimo alianza kuishughulikia mwaka 382.

Nilianza na Injili ya Yohana, nikajiona bingwa. In principio erat Verbum: hapo mwanzo kulikuwako Neno. Wiki mbili nateleza tu. Siku moja nikajiuliza erat ni neno gani hasa, limetokana na nini, nikakosa jibu. Kumbe sikuwa nasoma Kilatini. Nilikuwa najikumbusha Kiswahili nilichokikariri tangu utotoni, huku macho yakipita juu ya herufi nyingine.

Nikahamia Yona. Ni sura 4 tu, aya 48, na ingawa kisa nilikijua, maneno yake sikuwa nayo kichwani. Hapo ndipo kazi ilipoanza kweli. Aya ya kwanza ya sura ya pili ilinichukua jioni nzima: Et praeparavit Dominus piscem grandem ut deglutiret Jonam. Aliyeandaa ni nani? Dominus, Bwana. Aliyeandaliwa ni samaki, piscis, ila hapa amevaa -em kwa sababu anatendwa, na sifa yake, grandem, imemfuata vilevile. Sisi tuliolelewa na ngeli hatuwezi kushangaa sifa ikilifuata jina. Kisha ut deglutiret, “ili ammeze”. Nilikuwa nimesoma kurasa kadhaa kuhusu ut na umbo la kitenzi linaloandamana nayo bila kuelewa kitu, kumbe ni kazi ileile ya -e yetu: ili aende, ili ale, ili ammeze. Na Jonam? Sura moja nyuma alikuwa Jonas, alipoinuka mwenyewe kukimbia. Sasa anamezwa, amepata -m.

Halafu akawa in ventre piscis, tumboni mwa samaki. Tumbo ni venter, lakini akishaingia ndani linakuwa ventre, kama sisi tunavyobadili tumbo kuwa tumboni. Tangu hapo vimalizio vya majina vikaacha kunitisha.

Utaratibu wangu ulikuwa aya tano kwa siku. Nasoma kwa sauti, napiga mstari chini ya kitenzi, natafuta mtendaji, ndipo nafunua Biblia ya Kiswahili niliyoifunika kwa karatasi. Kwenye daftari sikuandika neno pekee, niliandika kipande kizima: a facie Domini, “kutoka usoni pa Bwana”, si facies, “uso”, peke yake. Kamusi ndiyo iliyonitesa. Ukitafuta surrexit, “aliinuka”, hulikuti mpaka ujue ni la surgo, “ninainuka”, sawa na mgeni anayetafuta “ammeze” kwenye herufi A.

Angalizo kwa atakayejaribu: hesabu za Zaburi za Vulgata hazilingani na za Biblia yetu ya Kiswahili. “Bwana ndiye mchungaji wangu”, Zaburi yetu ya 23, kule ni ya 22, na vitabu vya Samweli vinahesabiwa kama viwili vya kwanza vya Wafalme. Nilivitafuta sana. Pia Kilatini hiki si cha Cicero, yule mwandishi wa Roma ya kale. Mwanzo inasema vidit Deus lucem quod esset bona, “Mungu akaiona nuru kwamba ni njema”, mahali ambapo Cicero angetarajiwa kusema lucem esse bonam. Nilipowagusa waandishi wa kale baadaye, nilijikwaa hapo kila ukurasa.

Yona ilinichukua kama wiki mbili hivi. Maneno yake ya mwisho ni et jumenta multa. Nikaona -a, nikakumbuka terra, “nchi”, ambalo -a yake ni ya umoja, nikaandika kwa kujiamini: “na mnyama mkubwa”. Nikainua karatasi: wanyama wengi. Wingi wa jumentum. Nikafuta, nikarudi aya ya kwanza.