Usiku mmoja na Linda Martell
Jana usiku, watoto walipokwisha kulala, nilisikiliza Color Me Country ya Linda Martell, mwimbaji Mmarekani wa kantri, muziki wenye asili ya mashambani huko Marekani, tangu mwanzo hadi mwisho, na hadi ninapoandika haya sauti yake ingali masikioni mwangu. Albamu hiyo ilitoka mwaka 1970 chini ya lebo ya muziki iitwayo Plantation Records (“plantation” ni shamba kubwa), jina ambalo, kwa mwanamke Mweusi wa South Carolina, ambako watumwa walimwaga jasho katika mashamba ya pamba na mpunga, hunichoma moyo kila ninapolisoma.

Mwaka 1969 wimbo wake “Color Him Father” ulifika nafasi ya 22 katika chati ya muziki wa kantri ya Billboard, naye akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake katika Grand Ole Opry, jukwaa mashuhuri la muziki wa kantri huko Nashville. Wimbo huo unamsifu baba wa kambo anayewalea kwa upendo watoto wa mwanamume aliyefia vitani. Mimi nami nililelewa na baba wa kambo, kwa hiyo niliurudia mara tatu na machozi yakanitoka.

Katika “Bad Case of the Blues” anaichezesha sauti, ikiruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kabisa, kwa wepesi unaonishangaza.

Kinachoniuma ni kwamba baada ya Color Me Country hakutoa albamu nyingine ya kantri. Mwaka 2024 Beyoncé alimshirikisha katika albamu yake ya Cowboy Carter, Martell akiwa amepita miaka 80, na wengi wetu ndipo tulipomsikia.