Chura, simu ya dhahabu na kitufe cha Nakubali

Paukwa! Haya semeni pakawa tuanze, maana leo nimekuja na ile hadithi ya chura na binti mfalme, naisimulia upya kwa zama zetu hizi za simu na bando, ila nawaambia mapema kabisa: lile busu la binti kumbusu chura, ambalo wengi mnalijua, halipo. Msilisubiri. Hata kwenye ile ya zamani halikuwepo, tutaliongelea tukifika ukutani.

Basi palikuwa na mfalme mwenye mabinti, wote wazuri, ila yule kitinda mimba alikuwa ni balaa, jua lenyewe ambalo limeshaona kila kitu lilikuwa likimmulika usoni linabaki kushangaa. Kwenye ile ya zamani huyu binti ana mpira wa dhahabu, anaurusha juu anaudaka, anaurusha anaudaka, siku nzima ndo kazi yake. Mimi nimempa simu yenye kava la dhahabu, na ukiangalia vizuri sijabadilisha kitu, kwa sababu ule mpira haukuwa na kazi yoyote zaidi ya kumliwaza mtu aliyeboreka, na simu nayo ni hivohivo, unaishika unaiweka unaishika tena na wala hujui unatafuta nini humo.

Siku moja jua kali akaenda zake msituni, akakaa ukingoni mwa kisima chini ya mti, kisima kirefu hicho huoni mwisho wake. Akanyoosha mkono apige selfi maji yaonekane kwa nyuma, kushoto kidogo, juu kidogo, tabasamu kidogo... chubwi! Simu hiyoo inazama na skrini bado inawaka, anaiona inavyoshuka mpaka kale kamwanga kakapotea. Akaangua kilio. Sio kile cha kudondosha chozi ukafuta ukaendelea, ni kilio cha mtu ambaye picha zote, namba zote na video ya juzi ambayo hajaiposti viko chini ya maji.

"Dada, mbona unalia hivyo mpaka mawe yanakuonea huruma?"

Kugeuka, chura. Limejitokeza lichwa tu juu ya maji.

"Nalia simu yangu, imezama humo."

"Usilie, naitoa. Sasa mimi utanipa nini?"

"Chochote chura wangu! Nguo zangu, lulu zangu, hata hili taji chukua!"

"Nguo nizivalie wapi mimi. Nataka uwe rafiki yangu, uniadi kwenye simu yako, nikikuandikia ujibu, tukae meza moja, nile kwenye sahani yako, ninywe kwenye kikombe chako, na usiku nilale kitandani kwako. Ukikubali hayo nazama sasa hivi."

"Nakubali, nakubali, nakubali!"

Jamani tusimame hapa kidogo, maana hapa ndo pameninasa miaka yote. Huyu binti kafanya kile tunachofanya sisi sote programu mpya inapotuletea yale masharti marefu: hatusomi, tunashuka mpaka chini, tunabonyeza Nakubali, kwa sababu tuna haraka na tunaamini hakuna siku mtu atakuja kudai. Na binti wa zamani aliwaza hivyohivyo, alijisemea moyoni chura si anakaa majini na wenzake wanakoroma, ataishi vipi na binadamu. Hakukusudia kumtapeli. Aliahidi akiamini ahadi yenyewe haiwezekani, na hiyo kwangu ni tofauti kubwa sana, na ndo maana nampenda.

Chura akazama, akaibuka na simu mdomoni, akaitema majanini. Binti akainyakua akatoka mbio, huku nyuma unasikia "Ningoje! Mi siwezi kukimbia kama wewe!" lakini wapi, kashapotelea mitini.

Sasa kumbe wakati anapanda nayo juu chura kashajisevu humo ndani, tena kwa jina la Rafiki Yangu, na simu ya kutumia anayo maana kisima kile kimeshameza simu za watu wengi. Kesho yake familia iko mezani, meseji zinaanza kumiminika. Umeamka? Mbona kimya. Naona tiki za bluu. Niko njiani. Nimefika kwenye ngazi. Binti anageuza simu kifudifudi mezani. Mara wanasikia kitu kinapanda ngazi za marumaru, chapa, chapa, chapa, halafu mlango unagongwa: "Binti mfalme, we mdogo wao wote, nifungulie!"

Akaenda akachungulia, akaubamiza mlango, akarudi mezani roho inamdunda. Mfalme akamtazama.

"Mwanangu, kuna jitu limekuja kukuchukua nini?"

"Hapana Baba, sio jitu, ni chura tu."

"Na chura anakutakia nini?"

Ikabidi aeleze yote, simu, kisima, masharti. "Lakini Baba mi nilijua hawezi kutoka majini!" Na kabla mfalme hajajibu, kutoka nje ya mlango ikasikika sauti yake mwenyewe binti, imerekodiwa safi kabisa: nakubali, nakubali, nakubali. Dada zake wakainamia sahani zao.

"Ulichoahidi utakitimiza," mfalme akasema. "Nenda kamfungulie mgeni."

Wengi wanaoisimulia upya hii hadithi wanamfanya huyu mfalme kuwa mzee mkorofi asiyeelewa kitu, na mimi nakataa. Mfalme ana hoja! Anamwambia mwanae aliyekusaidia ukiwa na shida usimdharau shida ikiisha, na mzazi gani mwenye akili hatasema hivyo. Hadithi inachekesha kwa sababu kila mtu ndani yake ana haki yake: chura kafanya kazi anadai malipo, baba analinda neno la nyumba yake, na binti naye hataki kiumbe chenye utelezi kwenye shuka zake. Ukimfanya mmoja wao mjinga kicheko kinakufa.

Basi chura akapandishwa mezani, sahani ikasogezwa, yeye anakula anajisikia vizuri kabisa na binti kila tonge linamkwama kooni. Kisha chura akasema ameshiba, amechoka, sasa twende tukalale. Binti akalia, baba akamkazia macho. Akamshika chura kwa vidole viwili, akampeleka juu, akamtua kwenye pembe ya chumba, akapanda kitandani, akazima taa, akawasha simu. Meseji. "Hapa chini baridi." Akambloku. Kimya kidogo, halafu chapa, chapa, chapa, mpaka miguuni pa kitanda.

"Nimechoka na mimi nataka kulala vizuri kama wewe. Ninyanyue, la sivyo namwambia baba yako."

Heh. Binti akainuka, akamnyanyua kweli, akamrusha ukutani kwa nguvu zake zote. "Haya pumzika sasa, chura mbaya we!"

Na kilichoanguka hakikuwa chura, alikuwa mwanamfalme mwenye macho mazuri ya upole, aliyekuwa amerogwa na mchawi, na hakuna aliyeweza kumtoa kule kisimani isipokuwa huyu binti.

Ndo hivyo, ukuta. Jacob na Wilhelm Grimm, wale ndugu wawili Wajerumani walioiandika ile ya zamani, walipotoa kitabu chao cha hadithi 1812 hii ndo waliiweka hadithi namba 1, na kwenye toleo la saba la 1857 bado ni namba 1, na chura bado anapigizwa ukutani. Mwaka 1823 Mwingereza Edgar Taylor akaitafsiri na kuitoa kwa Kiingereza na kwake ukuta haupo, chura analala kwenye mto wa binti usiku tatu na asubuhi ya mwisho anaonekana mwanamfalme kasimama pale. Busu likaja baadaye kwa wasimuliaji wengine, na leo likakaa kwenye vichwa vya watu kama ndo lilikuwepo tangu mwanzo.

Mimi silitaki. Kwenye hadithi ya busu, na hata ile ya usiku tatu, binti anapewa zawadi kwa kuvumilia kitu kinachomchukiza, na wasichana wameshaambiwa vumilia vya kutosha. Halafu angalia ahadi yenyewe: mlango kafungua, sahani katoa, kikombe katoa, kampandisha chura mpaka chumbani. Deni kalilipa sana tu. Kilichompeleka chura ukutani sio sura yake, ni lile neno namwambia baba yako, pale ambapo msaada uligeuka kitisho, na uchawi ukavunjika wakati binti alipokasirika kwa dhati. Hata chura mwenyewe alihitaji ile hasira, angebembelezwa angebaki chura. Ndo maana kumbloku hakukutosha kwenye yangu. Ilibidi amshike kwa mkono wake mwenyewe.

Na kuna kipande watu wengi wanakikata ambacho mimi naomba kisikatwe kamwe, Heinrich. Huyu ni mtumishi wa mwanamfalme, na jina lake liko kwenye kichwa cha hadithi tangu ile ya 1812, Heinrich wa Chuma. Bwana wake alipogeuzwa chura aliumia kiasi kwamba alifungisha moyo wake pete tatu za chuma usije ukapasuka kwa huzuni. Sasa asubuhi ile anakuja kuwachukua, zamani kwa gari la farasi wanane weupe wenye manyoya ya mbuni vichwani, kwangu mimi kwa gari refu jeupe. Wakapanda, safari ikaanza. Mara nyuma ya usukani, kwaa!

"Heinrich, gari linakatika!"

"Hapana bwana, sio gari, ni pete ya moyo wangu."

Mwanamfalme hakuelewa, akasimamisha gari, akafungua boneti, akachungulia, hamna kitu. Wakaendelea. Kwaa! Akashuka tena, mara hii anapiga tairi mateke moja moja, akaziangalia nati zote. Wakaendelea. Kwaa! Na kabla hajashika kitasa cha mlango binti akamvuta shati.

"Wewe, tairi ni nzima. Huyo mtu analia tangu tutoke."

Mwanamfalme akamwangalia dereva wake kwenye kioo. Heinrich akaegesha vibaya tu, nusu gari iko barabarani, akashuka, na mwanamfalme akashuka, wakakumbatiana palepale huku magari ya nyuma yanapiga honi na binti kashika simu juu anarekodi, safari hii kaishika kwa mikono miwili.